Spoki Arobaini za Nyar Nam

Mama Risper alizikwa Ijumaa, kwao karibu na Rongo, na mahema mawili kati ya matatu yaliyowakinga waombolezaji jua yalitoka kwangu. Nasema hivi mapema ili ijulikane sikwenda mikono mitupu. Vyuma vya mahema hayo nilivichomelea mwenyewe katika karakana yangu ya Migori, na hakuna hema langu hata moja lililowahi kuanguka juu ya watu. Kabla ya ibada nilizunguka kukagua kamba, maana vijana siku hizi hufunga kamba kama wanaofunga mbuzi. Nyuma ya hema la pili nikamkuta mzee mmoja mwenye ndevu za mvi, amesimama peke yake, ameinamia kamba. Aliigonga kwa kidole cha shahada, akatega sikio, kisha akahamia ya pili akaigonga vilevile. Sikuhitaji kuona uso. Katika maisha yangu nimemjua mtu mmoja tu anayesikiliza kitu kilichokazwa namna hiyo, na mtu huyo nilikuwa nimemkimbia, kwa njia moja au nyingine, tangu nikiwa na miaka ishirini na mmoja.

Sitasimulia hapa nilikozaliwa wala baba yangu alikuwa nani. Niliyonayo nimeyapata kwa mikono yangu, na diploma yangu ya ujenzi wa vyuma haikuachwa na mtu kama urithi. Nitasimulia mwaka mmoja tu, ule nilioishi Homa Bay nikisoma chuo cha ufundi, katika chumba cha mabati nyuma ya soko, kwenye ploti ya Mama Risper. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, godoro moja la ziada lililosimamishwa ukutani mchana, na meza ambayo mwenzangu Ouko aliiunda kwa mbao za kreti za soda. Mvua ikinyesha hatukusikilizana. Isiponyesha tulisikia kila kitu: upande wa kushoto mhubiri akijifunza mahubiri yake mwenyewe, akijijibu "amina" kwa sauti nyingine, upande wa kulia jikoni kwa Mama Risper, mafuta yakichemka, akina mama wakisemana juu ya bei ya omena na juu ya nani amehama kwa nani. Mama Risper alipika maandazi ya kuuza, na siku za Jumapili alitupikia sisi wapangaji mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayobaki viwandani wakishaondoa minofu. Aliitia nyanya na kitunguu, akasonga kuon, ugali mgumu wa mtama, akatuita, "Yawuota, wanangu, njooni kabla paka hajajua." Nimekula katika hoteli za Ughaibuni zenye vitambaa vya meza vyeupe. Sijakula tena samaki kama yule asiye na nyama.

Ouko alitoka Mfangano, kwa watu wanaounda boti. Alikuwa akisomea useremala, kozi ya cheti, na mimi nilikuwa wa diploma, na tofauti hiyo sikuiacha ilale hata siku moja. Yeye aliniita Diploma, mimi nilimwita Jachula, mtu wa kisiwani. Asubuhi alisoma, alasiri alibeba abiria kwa baiskeli, na jioni aliipindua baiskeli ile mbele ya mlango, magurudumu juu, akaanza kugonga spoki moja moja kwa kucha. "Hii imelegea," angesema. "Sikia inavyolia. Ya jirani yake inalia juu, hii inalia chini." Akaikaza nusu mzunguko, akaigonga tena. Halafu aliingia ndani, akaketi kwenye meza ya kreti na kuandika hadithi ya chombo cha angani.

Niliona daftari la kwanza kwa bahati, nikicheka kabla sijalifungua. Katika hadithi hiyo ziwa limekauka, watu wa ziwa wameunda chombo cha kuwapeleka kwenye nyota nyingine, na safari ni ndefu hivi kwamba watakaofika ni wajukuu wa walioondoka. Chombo kinaitwa Nyar Nam, Binti wa Ziwa. Hayo alinieleza yeye kwa mdomo. Mimi nilichotazama ni michoro, na michoro ilinishika shingo. Alikuwa amechora boti ya Mfangano, mbao kwa mbao, mbavu kwa mbavu, akaifunika juu na kuitupa angani.

"Hizi nyufa umeziziba na nini?" nilimuuliza.

"Pamba. Kutoka nje, kama baba anavyofanya. Maji yanaisukuma pamba ndani, inakaza yenyewe."

"Kule juu maji yako wapi?"

Akafikiri. "Hakuna."

"Kuna nini nje?"

"Hakuna kitu."

"Na ndani?"

"Hewa. Watu lazima wapumue."

"Basi nani anamsukuma nani, Jachula?"

Alikaa akitazama mchoro, kalamu mdomoni. Kisha akainuka, akatoka nje, akaminya tairi la baiskeli yake kwa vidole viwili, akarudi akicheka mpaka mhubiri wa upande wa pili akanyamaza. "Omera, ndugu yangu! Nimeunda boti nikaigeuza ndani nje! Hii si boti, hii ni tyubu!" Akafuta ukurasa mzima. Kuanzia siku hiyo tuliunda pamoja. Nilimwonyesha kwamba ganda linalosukumwa kutoka ndani halitaki mbavu za kulizuia lisibonyee. Linataka mikanda ya kulifunga lisipasuke, kama pipa. Nilimwonyesha kwa nini pembe ni adui na mviringo ni rafiki. Niliyoyasikia darasani asubuhi nilimfundisha jioni, na ninasema bila haya kwamba niliyaelewa kwa sababu yake. Mwalimu alinipa alama za juu kuliko wote muhula ule. Ouko ndiye aliyeniuliza maswali, lakini jina kwenye ubao lilikuwa langu.

Shida iliyofuata ilikuwa uzito. Ouko hakutaka watu wake waelee kama majani. "Mama atapikaje kuon ikiwa sufuria inaondoka?" Hapo nikachukua ndoo ya Mama Risper, nikaijaza maji nusu, nikaifunga kamba ya katani, na katikati ya ua nikaizungusha juu ya kichwa changu, ndoo ikilala ubavu hewani, maji yasimwagike hata tone. Akina mama walitoka jikoni wakapiga vigelegele. "Maji yanadhani chini ni kule kwenye tako la ndoo," nilimwambia Ouko nikihema. "Ukiwaweka watu ndani ya gurudumu kubwa linalozunguka, watasimama kwenye rimu, vichwa vikielekea katikati. Watapika, watatembea, watacheza mpira." Alinitazama kama mtu aliyeonyeshwa kisima. Kesho yake alikuwa amelichora gurudumu: kipenyo mita mia tatu, katikati ekseli yenye injini na matangi, na kutoka kwenye ekseli hadi kwenye rimu spoki arobaini, kama gurudumu la nyuma la baiskeli yake. Spoki zenyewe zilikuwa nyembamba, unene wa mkono wa mtoto.

Wakati huo redioni kulikuwa na tangazo la wachapishaji wa Nairobi kwamba walikuwa wakipokea hadithi za vijana kwa Kiswahili. Ouko alifika daftari la sita akamaliza. Kwenye jalada la daftari la kwanza aliandika kwa herufi kubwa: HADITHI NI YA OUKO, CHOMBO NI CHA OKOTH. Okoth ni mimi. Alinikabidhi yote sita siku ya Ijumaa, na siku tisa tu zilibaki kabla ya Jumatatu ya kwenda posta. Akaniambia jambo ambalo sikulitilia maanani. "Kwetu, baba akimaliza boti, yeye ndiye anayepanda wa kwanza. Si mwenye boti, si mchungaji. Fundi. Fundi akikataa kupanda, boti haishuki majini, hata kama mwenyewe amekuja na wageni. Kwa hiyo soma, Diploma. Soma yote. Ukisema sawa, naituma."

Siku mbili baadaye, nikiwa kitandani mchana, nilimsikia kupitia ukuta wa jikoni. Mama Risper alikuwa akimuuliza kama kweli watu wa Nairobi watachapisha maneno ya kijana wa baiskeli. Ouko akamjibu, "Mama, mimi simngoji mtu wa Nairobi. Namngoja Diploma. Yeye akisema itashika, itashika." Ningependa kuandika kwamba niliyasikia maneno hayo nikainuka kuyasoma madaftari. Sikuinuka. Nilivimba kama chapati kwenye kikaango, nikageuka ukutani, nikalala. Na ndani ya uvimbe huo kulikuwa na kitu kichungu ambacho leo nakijua jina: huyu wa cheti alikuwa na kitabu, na mimi wa diploma sikuwa na kitu isipokuwa maksi.

Madaftari yalikaa chini ya mto wangu siku saba. Ya nane, Jumamosi, niliyatoa na kufunua haraka haraka hadi kwenye michoro. Maneno niliyaruka. Nilisema nitayasoma baadaye. Nilifika kwenye gurudumu, na kwa kuwa wiki ile tulikuwa tumefundishwa minara ya matangi ya maji, nililitazama kama mnara. Daftari lilikuwa wima mbele yangu. Juu kulikuwa na rimu imejaa watu na nyumba. Chini yake spoki nyembamba. Chini ya spoki ekseli. Nikachukua kalamu nyekundu nikachora mshale wa uzito, na mshale wangu ulielekea chini. Chini ya karatasi. Tangi limekaa juu ya miguu membamba kama ya korongo. Nikapiga hesabu ya nguzo, ile hesabu ya kitu kirefu chembamba kinachosukumwa kikajikunja, na jibu likaja zuri na la kutisha. Nikaandika kando kwa wino mwekundu: SPOKI ZITAJIKUNJA. CHOMBO KITAVUNJIKA. Nikapiga mstari mara mbili. Ndoo ilikuwa nje uani, imefunikwa juu ya kichaka ikikauka. Ningegeuza shingo ningeiona.

Jumapili walikuja kula wanafunzi wawili wa darasa langu. Ouko alikuwa ameoga na kuvaa shati la kanisani. Hakuniuliza mpaka Mama Risper alipogawa kuon. "Haya, Diploma. Tumefika?"

Ningeweza kumwita kando. Badala yake nililifunua daftari mezani, juu ya sahani, mbele ya wenzangu. "Bwana Jachula," nikasema, "hiki chombo chako ni kizuri mpaka watu waingie."

Wenzangu wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Hizo ni spoki au ni njiti za kuchokolea meno?"

"Zinatakiwa unene wa pipa," nikasema, "kila moja."

"Pipa?" Ouko hakucheka. "Zikiwa mapipa arobaini gurudumu litakuwa zito, injini haitaliweza. Nikiongeza injini, nitaongeza mafuta. Watu nitawaweka wapi?"

"Hilo ni swali la fundi. Mimi nimekuletea jibu."

Alilitazama lile daftari muda mrefu, akiufuata mshale wangu mwekundu kwa kidole. Kisha akaniuliza polepole, kwa sauti ambayo sasa najua ilikuwa ya mtu aliyesimama ufukweni, "Wewe ndiye fundi wake. Jina lako liko pale mbele. Ungepanda?"

"Mimi?" nikasema. "Hata ukinivuta kwa kamba!"

Wakacheka tena. Mama Risper peke yake hakucheka. Aliushika mwiko hewani, akamtazama Ouko, akanitazama mimi, akasema kwa Dholuo kitu kifupi kilichomaanisha kuleni chakula kitapoa. Ouko alikula. Alimaliza, akanawa, akakusanya madaftari yake sita akaondoka nayo. Jumatatu ya posta ilifika ikapita. Hakunilaumu, hakununa, aliendelea kuniita Diploma. Ila jioni alipoipindua baiskeli hakuniita tena nisikilize.

Wiki tatu hivi baadaye nilinunua maandazi mawili kwa Mama Risper nikienda darasani. Aliyafunga kwenye karatasi kama kawaida, maana wanafunzi walimpa madaftari wasiyoyahitaji tena ya kufungia. Nilipolifungua andazi barabarani, mafuta yalikuwa yameifanya karatasi ing'ae kama kioo, na ndani ya mng'ao ule niliona robo ya gurudumu, spoki kumi, na ncha ya mshale wangu mwekundu. Upande wa pili kulikuwa na maneno, mistari ishirini na zaidi ya mwandiko wa Ouko. Niliweza kuisoma. Jua lilikuwa linawaka na herufi zilionekana wazi. Nikala andazi la kwanza, nikala la pili, nikafuta mikono yangu kwa karatasi ile, nikaitupa mtaroni. Nyar Nam iliondoka Homa Bay namna hiyo, ukurasa kwa ukurasa, ikinukia mafuta, mikononi mwa watu waliokuwa na njaa. Muhula ulipokwisha Ouko alipata cheti chake akarudi kisiwani kuunda boti. Mimi nilipata diploma, na ndani ya miaka mitatu nikapata kazi Uarabuni.

Huko nilipanda. Nilianza nikibeba mitungi ya gesi ya kuchomelea, nikamaliza nikiwa msimamizi wa mafundi wa mataifa matano, na wahandisi wa digrii waliniita kuniuliza. Mwaka wa sita au wa saba tulipewa kazi ya kukarabati bembea ya uwanja wa michezo ya watoto: mlingoti mkubwa katikati unaozunguka, na viti vinavyoning'inia kwa minyororo. Tulipomaliza tuliiwasha tupu kuijaribu. Viti vikaanza kuzunguka, vikainuka, vikatoka nje, nje zaidi, minyororo ikanyooka kama mistari iliyopigwa kwa rula. Nilisimama pale na kofia yangu ya msimamizi kichwani. Mnyororo hauwezi kusukumwa. Ukiusukuma unajikunja mkononi mwako. Lakini kinachozunguka hakisukumi katikati, kinavuta kwenda nje, na kinachovutwa hakijikunji. Kinaweza kuwa chembamba kikashika tani. Nikaona ndoo. Nikaona kamba ya katani, nyembamba, imekaza juu ya kichwa changu mwenyewe, na akina mama wakipiga vigelegele. Jioni hiyo nilipiga hesabu upya kwenye mfuko wa saruji nilioupasua. Spoki za Ouko zilitosha. Zilitosha na kubaki. Angeweza kuziondoa kumi na Nyar Nam ingezunguka salama na watu wake, wajukuu na sufuria zao.

Ningeweza kumwandikia barua. Ningeweza kumpigia simu, maana simu zilikuwa zimeshaingia. Niliporudi nyumbani nikajenga ghorofa yangu Migori, nilikutana naye mara moja kwenye duka la vifaa vya ujenzi Homa Bay, akinunua misumari. Nilimwonyesha picha za ghorofa kwenye simu, ngazi, dari, tangi la juu. Alisifu kila picha. Aliuliza miguu ya tangi ni ya unene gani, nikamwambia, akaitikia kwa kichwa, "Hapo umefanya vizuri." Ulikuwa mlango wazi kabisa, na mimi nikamwonyesha picha ya geti.

Kwa hiyo Ijumaa ile, nyuma ya hema, nilipomwona akigonga kamba zangu, nilijua hakutakuwa na msiba mwingine wa Mama Risper wa kutukutanisha.

"Zinalia vizuri, Diploma," akasema bila kugeuka. "Ila hii ya pembeni."

Nikaikaza. Ibada ilikuwa imeanza, kwaya ikiimba mbele. Tukabaki pale, kila mmoja mkono kwenye kamba. "Ouko," nikasema, "zile spoki. Nilikosea. Nilichora uzito ukielekea chini, na kule hakuna chini. Zilikuwa zinavutwa. Zilitosha."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Jumatatu ile ile. Nilikuwa nakwenda posta na madaftari kwenye keria. Nikatazama gurudumu la mbele likizunguka, nikakumbuka ndoo yako."

"Ulikuwa njiani kwenda posta? Na ulijua? Sasa mbona hukuituma?"

Aliniangalia kwa mara ya kwanza siku ile. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na ningefurahi kuiona. "Omera," akasema, "mimi sikukuuliza kama spoki zinatosha. Nilikuuliza kama ungepanda."

Nilianza kusema mengi, kama ilivyo desturi yangu. Nilisema tutaifufua. Nilisema nina ofisi, nina meza ya kuchorea, nina kompyuta, naikumbuka Nyar Nam yote: mita mia tatu, spoki arobaini, mikanda kumi na miwili ya ganda, matangi manane kwenye ekseli. Nilisema nitaichora upya, yeye aandike, nitalipia uchapishaji hata wa vitabu elfu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Halafu, kwa kuwa bado nilikuwa nasema na sikuwa na kingine cha kusema, nikamuuliza, "Na wale watu, mwishowe walifika?"

Ouko aliiachia kamba. "Ulikaa na madaftari yangu siku tisa," akasema.

Mbele walikuwa wakiwaita wapangaji wote wa zamani wa Mama Risper wasimame waonekane, na Ouko akaenda, akavua kofia, akasimama. Nilikwenda nikasimama kando yake. Watu walipiga makofi kwa sababu ya mahema.

Tangu siku hiyo nimeichora. Iko mezani ofisini kwangu Migori, karatasi kubwa, wino mweusi, na mafundi wangu huja kuishangaa. Kila spoki iko mahali pake, nyembamba kama alivyotaka, na mishale yangu yote sasa inaelekea nje. Ni mchoro bora kuliko yote niliyowahi kufanya, na hakuna mhandisi atakayeona kosa ndani yake. Rimu nimeiacha nyeupe. Najua uzito wa watu wanaoweza kusimama pale, najua hewa yao, najua mwendo wa gurudumu lao. Sijui jina la hata mmoja wao.